Hatua nilizotembea simu ikiwa kwa fundi, zinahesabika?

Mwenda Pole wa Mapipa:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa simu, ila itabidi nianze na jambo la aibu kidogo.

Jumanne ya wiki iliyopita nilitembea kwa miguu kutoka nyumbani Magomeni Mapipa hadi ofisini Posta. Nikafika, nikabadilisha shati chooni, nikakaa kwenye kiti changu, nikajisikia kama sijatembea. Miguu ilijua. Shati nililolivua lilijua zaidi. Lakini simu ilikuwa kwa fundi tangu Jumatatu, hakuna aliyehesabu. Nikajikuta nasema moyoni, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, babu wa wajukuu wawili: "Ya leo imekwenda bure."

Tangu siku hiyo najiuliza, kati yangu na hii simu, nani anamtembeza mwenzake?

Historia ni fupi. Mwaka jana presha ilipanda, daktari akanipa dawa na akaniambia nitembee. Binti yangu akaniwekea programu ya kuhesabu hatua, akaipangia lengo la elfu kumi kwa siku. Basi natoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro robo, giza halijaachia, naifuata Barabara ya Morogoro kwenye ile njia ya waenda kwa miguu iliyojengwa pamoja na mwendokasi. Ni ya waenda kwa miguu kwa jina tu, bodaboda wanapita humo humo na honi unapigiwa wewe. Pale Jangwani alfajiri kuna ubaridi unaotoka bondeni pamoja na harufu ya mto Msimbazi. Kuna siku harufu ni ya majani mabichi, kuna siku Mungu anisamehe. Halafu unapandisha Fire, DIT, Kisutu, uko mjini. Kilomita tano na kitu, saa nzima. Programu hunipa hatua elfu sita na mia kadhaa. Jioni narudi na basi, magoti hayataki mjadala.

Balaa lilianzia kwenye zile elfu tatu na ushee zinazobaki. Saa nne usiku naangalia kioo: 8,912. Hivi mtu unalalaje na 8,912? Nikawa nazunguka uani, kutoka kwenye tanki la maji hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo, narudi, naenda. Mke wangu akachungulia dirishani: "Wewe baba, unamtafuta nani huko?" Na kuna usiku mmoja wa mvua, naomba msinicheke, nilikaa mbele ya taarifa ya habari nikawa natikisa simu mkononi kama mtu anayechekecha unga. Ikakubali. Ikanirushia fataki kwenye kioo kunipongeza. Siku nyingine nilipanda bajaji kwenda msibani Mburahati, njia mashimo matupu, nikashuka na hatua mia saba ambazo hazikuwa zangu. Sikuzikataa.

Sasa simu yenyewe. Ina miaka sita. Ina ufa kwenye pembe moja tangu ilipodondoka kwenye ngazi za ofisi, ila kamera inapiga, sauti inasikika, nafasi ipo. Inachokosa ni pumzi. Chaji inajaa asubuhi, saa saba mchana imezimika. Fundi wa kwanza aliniwekea betri aliyoiita "orijino kabisa". Wiki ya tano mgongo wa simu ukaanza kuinuka kama andazi kwenye mafuta. Nikaitoa mbio kwa fundi mwingine, huyo akasema mzigo wa betri ya aina hiyo unaingia baada ya siku kumi. Ndiyo hizo siku kumi ninazozizungumzia.

Siku hizo kumi nilitumia kitochi cha zamani cha mke wangu. Nilikichaji Jumatatu, Ijumaa kilikuwa bado kinadunda. Na njiani niliona vitu. Kumbe pale kabla ya Fire kuna mzee anayeshona viatu ambaye huwasha redio yake saa kumi na mbili kamili, na kila anayepita anamsalimia kwa jina la timu yake, si kwa jina lake. Nimempita mwaka mzima nikiangalia kama nimefika elfu nne.

Nieleze na hili la kapu, maana lina uhusiano. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 nina kapu la ukili ambalo marehemu mama alinisukia. Kabla sijaanza kutembea lilikuwa linakaa nyuma ya mlango, nikifika sokoni nanunua mfuko mbadala kila mara, nyumbani mifuko hiyo ikajaa droo mbili. Siku hizi kapu liko begani asubuhi na jioni: shati la kubadili, chupa ya maji ya bati, bakuli lenye mfuniko la chakula cha mchana. Mama lishe wetu alicheka mwanzoni, sasa ananijazia kuliko wenye vifungashio. Jioni nikipitia sokoni nanunua kile bega litakachokubali. Nyanya za kuoza jikoni zimekwisha, kwa sababu hakuna mtu anayebeba sado zima la nyanya kwa raha zake.

Basi maoni yanayonizunguka ni haya. Binti anasema: baba, nunua saa janja, itahesabu hata simu ikizima. Kijana wa dukani anasema simu ya miaka sita ni ya makumbusho, nichukue mpya kwa mkopo nilipe kidogo kidogo kila siku. Mke wangu anasema nibaki na kitochi, nimekuwa mtu wa kuongea naye tena. Mimi moyo unataka simu yangu ile ile, betri nzuri, na niweze kutembea bila kuhesabiwa na nisijisikie nimeibiwa. Je, kuna akili hapo au ni ubahili wa mhasibu? Na je, hiyo elfu kumi ni sheria ya nani?

---

Kiberiti Ngoma:

Mkuu nunua gari, hayo yote yataisha.

---

Fundi wa Makoroboi:

Mzee, shikamoo. Mimi ni fundi simu, nina meza Kariakoo mwaka wa kumi na tatu sasa. Jina langu la humu ni la nyumbani Mwanza, Makoroboi, mtaa uliopata jina kwa mafundi waliokuwa wakigeuza makopo kuwa vibatari. Kwa hiyo kutupa kitu kizima mimi kwetu ni mwiko.

Nianze na andazi. Betri ikivimba usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiichaji "mara ya mwisho tu". Ule uvimbe ni gesi. Ikitobolewa inashika moto ambao kikombe cha maji hakiuzimi. Ulifanya vyema kuikimbiza.

Betri feki utazijua kwa mambo matatu ambayo huhitaji ufundi. Uzito: mwambie fundi akupe ya zamani mkono mmoja na mpya mkono mwingine, feki nyingi ni nyepesi. Maandishi: umbo ni lile lile lakini imeandikwa mAh (kipimo cha uwezo wa chaji) karibu mara mbili ya ile ya kiwandani. Uwezo hauongezeki kwa wino. Na bei, hapo sisemi sana, ila ukiona betri inauzwa chini ya sahani ya chipsi kuku, jiulize.

Betri za simu za kizazi chako nyingi zimeundwa zibaki na kama asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya chaji. Mzunguko mmoja ni kutoka sifuri hadi mia, hata ukiugawa siku mbili. Sasa piga hesabu yako ya uhasibu: mtu anayechaji kila siku anamaliza mizunguko 500 kabla ya mwaka na nusu. Yako ina miaka sita. Simu yako haijazeeka, mzee, ni betri imekufa zamani na wewe unaendelea kuishi nayo kwa heshima.

Ukipata nzuri, itunze hivi. Joto ndiyo adui namba moja, na Dar tunalo la bure. Usichaji simu ikiwa juu ya godoro au chini ya mto. Usiiache kwenye dirisha la ofisi jua la mchana. Ukiweza, iache icheze kati ya 20 na 80, usiikamue hadi izime kila siku. Na hilo la kuhesabu hatua halili chaji kama unavyodhani, kuna kidubwasha kidogo humo ndani kinachosikia mtikisiko, kinakula punje tu. Ndiyo maana hata bajaji ya Mburahati ilikihadaa. Kinachomaliza betri ni kioo kuwaka na ramani inayofuatilia ulipo. Kama programu yako inachora njia yako yote kutoka Mapipa hadi Posta, zima ramani, bakiza hesabu.

Lakini nisiseme kama mfanyabiashara. Kuna simu mimi mwenyewe nawakatalia watu. Nenda kwenye mipangilio, tafuta tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama ni la miaka mingi nyuma, na wewe unafanyia humo mambo ya benki, hapo betri mpya ni kama kumshonea suti mgonjwa mahututi. Siku moja programu ya benki itakuambia mfumo wako ni wa zamani, na hapo hata mimi sina bisibisi. Kama bado inapokea masasisho, badilisha betri uendelee. Ukishaifungua mgongo, ujue ile kinga ya maji imepungua, kwa hiyo mvua ya Jangwani ikianza, simu iingize kwenye kapu.

Hili la simu za mkopo wa kulipa kila siku nakuachia wewe mhasibu. Nimewaona wakija zimefungwa kioo kwa sababu ya siku mbili za deni, wanadhani ni ubovu.

---

Mwenda Pole wa Mapipa:

Marahaba kijana wangu. Hapo kwenye suti ya mgonjwa nimecheka hadi mwenzangu wa meza ya pili kaniuliza kuna nini. Nimeangalia kwenye karatasi ya kumbukumbu zangu (ndiyo, naandika): sasisho la mwisho lilikuwa miezi minne iliyopita. Kwa hiyo mgonjwa bado anaongea.

---

Sista wa Zamu ya Usiku:

Kaka, mimi ni muuguzi, wagonjwa wa presha ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nakujibu hilo la elfu kumi.

Si sheria ya hospitali yoyote. Ilianzia Japani 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ilipotoa kifaa cha kufunga kiunoni kikiitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ilichaguliwa kwa kuwa inavutia na inakaa kichwani. Ilikuwa jina la bidhaa kabla ya kuwa ushauri wa afya.

Watafiti walikuja kupima baadaye sana. Mwaka 2019 Daktari I-Min Lee wa Harvard na wenzake walitoa matokeo ya wanawake wazee zaidi ya elfu kumi na sita, wastani wa umri miaka 72. Waliokuwa wanatembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700 hivi, na faida iliendelea kupanda hadi karibu 7,500, hapo ikatulia. Wewe si bibi wa miaka 72, najua, usikasirike. Ninachotaka uone ni kwamba ile 8,912 iliyokukosesha usingizi haikuwa na kosa lolote.

Sisi wodini hatumwambii mtu hatua, tunamwambia dakika, kwa sababu wengi hawana cha kuhesabia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kumchangamsha. Wewe unatembea saa nzima siku tano. Jumlisha mwenyewe, kaka, umeshafika kwenye 300 na Jumamosi bado haijaingia. Na kipimo cha mwendo hakitaki betri: ukiweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kumwimbia, mwendo huo unatosha.

Mawili tu ya ukali. Dawa usiache kwa sababu unatembea, nimewazika watu wa namna hiyo. Na kuzunguka tanki la maji saa nne usiku ili kufurahisha simu, acha ukalale. Usingizi nao ni dawa ya presha.

---

Bibi wa Lushoto:

Mwanangu, mimi nimecheka la kapu. Kapu la ukili ukilitunza na umande litazikwa nawe.

Nina swali kwa hao wenye programu. Mjukuu wangu aliniwekea hiyo ya hatua kwenye simu aliyoniletea sikukuu. Nguo zangu hazina mifuko. Kanga haina mfuko. Simu yangu inakaa kabatini kwenye chaji kwa sababu huku umeme ukija lazima uudake. Nikaenda shamba, nikateremka mtoni, nikapanda na majani ya ng'ombe kichwani, nikaenda jumuiya jioni, nikarudi. Mjukuu akafungua simu: hatua 112. Akaniambia, "Bibi, umekaa sana, inabidi ujitahidi."

Nikamwambia hizo 112 ni za wewe ulipoichukua kupiga picha.

Basi Mwenda Pole, zako za siku kumi ziweke fungu moja na za kwangu.

---

Mwenda Pole wa Mapipa:

Shikamoo Bibi. Nimemsomea mke wangu jibu lako. Amesema na za kwake za miaka ishirini na sita, sokoni, kisimani enzi hizo maji hayatoki, kliniki na watoto mgongoni, naye anaomba zitafutiwe mahali. Sikuwa na jibu. Nilijua anatembea, ila sikuwahi kuliita hilo zoezi, na yangu ya mwaka mmoja nimeitangaza mtaa mzima.

---

Msafiri wa Reli:

Hamjambo wenzangu. Nawasoma kutoka Nairobi.

Nataka kuongeza upande ambao huenda mzee hajauona kwa sababu yeye ana hiari ya kupanda basi. Nilikulia Kibera. Babangu alifanya kibarua Industrial Area, na kila asubuhi gizani kulikuwa na msafara wa watu wakifuata reli, mmoja nyuma ya mwingine, viatu mkononi kama kumenyesha. Mwendo wa saa moja na nusu kwenda, na mwingine kurudi. Hakuna aliyeita hayo mazoezi wala kutunza mazingira. Iliitwa kukosa nauli. Siku ya mshahara alipanda matatu na kutuletea mkate.

Sasa nina kazi ya ofisi na nina saa ya mkononi inayonisifu nikitembea dakika ishirini Karura kwenye kivuli. Sisemi ni vibaya. Napenda Karura, na ninajua msitu ule ungekuwa majumba leo kama Wangari Maathai hangesimama. Lakini saa ikinisifu huwa nawaza babangu angesifiwa mara ngapi kwa siku.

Kuhusu simu: kabambe, hiyo mnayoita kitochi, ni jibu la nusu. Nilijaribu miezi miwili. Amani nilipata, ila kazi ilinishinda, kila kikundi cha ofisi kiko kwenye simu kubwa, nikawa ninaomba wenzangu wanisomee ujumbe. Niliishia hivi: kabambe natembea nayo, simu kubwa inakaa kwenye droo ya kazini na inalala huko Ijumaa hadi Jumatatu. Betri yake nilibadilishia barabara ya Luthuli, hapa Nairobi, mwaka wa nne, iko sawa hadi leo. Saa ya mkononi nimempa ndugu yangu. Sikuinunua mimi, kwa hivyo roho haikuuma sana.

---

Kiberiti Ngoma:

Nimeguswa na hiyo ya mkate. Ushauri wa gari naufuta. Sina gari hata mimi.

---

Mwana Kolwezi:

Jambo bandugu. Mi niko Kolwezi, kule Congo. Kiswahili yetu ya huku mutaisamehe.

Minasoma hii habari ya betri na minacheka kidogo, juu betri inaanzia kwetu. Ile kobalti iko ndani ya betri ya simu, sehemu kubwa ya dunia inatoka huku, Kolwezi na Likasi na pembeni. Mwaka 2014 kule Kasulo, kartye ya hapa mujini, bantu balivumbua kobalti chini ya nyumba. Kila mutu akaanza kuchimba ndani ya parsele yake, ndani ya salon, chini ya kitanda. Mi nilikuwa na mujomba kule. Nyumba ilibaki na ukuta na shimo.

Bale benye kuchimba tunabaita creuseurs. Banatembea sana, mingi kupita wewe muzee, na mufuko ya mawe ku mugongo ao ku kinga, ni kusema baiskeli. Hakuna simu inabahesabia.

Siwezi kukuambia usinunue simu, kama hamununue huku bantu batakula nini? Watoto ya ndugu yangu balisoma na ile feza. Lakini simu ya miaka sita yenye kufanya kazi, kuitupa juu ya kioo kupasuka kidogo, hapana. Ile jiwe ilikwisha kutoka, ilikwisha kulipiwa na mugongo ya mutu. Itumike mupaka iishe. Ni ile tu nilitaka kusema.

---

Mwenda Pole wa Mapipa:

Ndugu yangu wa Kolwezi, Kiswahili chako hakina cha kusamehewa. Nimekisoma mara tatu.

Narudi na taarifa baada ya wiki mbili na nusu. Betri iliingia siku ya kumi na nne, si ya kumi, lakini fundi huyu wa pili alinipa mzani mwenyewe bila kuombwa, ya zamani gramu chache chini ya mpya. Nilikuwa na maneno ya Fundi wa Makoroboi kichwani nikajifanya mjuzi, nikamwambia "na mAh?" Akanionyesha, zinalingana na za kiwandani. Leo jioni, saa kumi na mbili na nusu, nina asilimia 41. Sijaona namba kama hiyo jioni tangu mjukuu wangu wa kwanza azaliwe.

Programu nimeiacha ila nimeitoa kwenye uso wa simu, na nimeizima midomo, hainipongezi wala hainikaripii. Simu ninaiweka kwenye kapu chini ya shati. Nitakuwa muongo nikisema siangalii kabisa. Jumatano niliangalia. Jana pia, lakini hiyo ni kwa sababu binti alinipigia kuniuliza, na akakuta ni 6,340 akanyamaza kwa heshima. Kuhusu saa janja nimemwambia fedha hiyo aninunulie raba, hizi za sasa soli ya kushoto imelika upande, fundi viatu wa Fire ameshaishona mara mbili na ya tatu amekataa.

Ndiyo, nimeanza kumsalimia. Nilikosea jina la timu siku ya kwanza, sitarudia.

Mke wangu naye. Jumamosi iliyopita alisema anataka kuja hadi Jangwani tu, arudi. Tulifika Kisutu. Hakuchoka, mimi ndiye niliyetafuta pa kukaa, tukanywa kahawa na kashata tukarudi na basi. Hakubeba simu. Njia nzima aliongea, hakuimba, kwa hiyo Sista utajua mwendo ulikuwaje.

Limebaki swali moja, Fundi. Ile betri iliyovimba nilipewa niondoke nayo. Iko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati la vyombo na mama mwenye nyumba hajui. Mtu wa chuma chakavu anapita kila Alhamisi na mkokoteni. Nimpe?

---

Fundi wa Makoroboi:

Usimpe kabisa, mzee. Ataigonga nyundo kutafuta shaba. Na usiitupe kwenye pipa la taka, gari la taka linabana mzigo, imeshawahi kuwaka moto barabarani namna hiyo.

Kopo ni la bati? Weka mchanga mkavu, uizike katikati. Kabla ya hapo ibandike tepu kwenye ile midomo ya chuma isigusane na bati. Itoe juu ya kabati la vyombo, iweke nje pasipofika jua na mtoto. Halafu niletee. Mimi nina ndoo ya mchanga nakusanya, zikifika nyingi kuna watu wa taka za elektroniki wanakuja kuzichukua. Niandikie pembeni nikuelekeze meza ilipo.

---

Mwenda Pole wa Mapipa:

Ni la bati, ndiyo. Tepu nimeshabandika, nyeusi, ile ya umeme. Mchanga nimechota kwa jirani anayejenga. Nitakuja Jumamosi asubuhi, tutakuwa wawili.